Amri ya Dodoma na Shule ya Tandala

Mzazi wa Tandala, katika milima ya Makete mkoani Njombe, ampelekaye mwanawe darasa la kwanza, humkabidhi mtoto huyo kwa mamlaka nyingi kuliko azijuazo. Mtaala hutungwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtihani hutungwa na kusahihishwa na Baraza la Mitihani. Sera na uthibiti wa ubora wa shule ni dhamana ya Wizara ya Elimu. Vyeo na nidhamu ya walimu vimo mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Mshahara hutoka Hazina. Na uendeshaji wa shule uko chini ya TAMISEMI, kwa njia ya halmashauri ya wilaya, Afisa Elimu Kata, na mwisho kamati ya shule, ambayo baadhi ya wajumbe wake ni wazazi wenyewe. Ni nani basi, katika silsila hii ndefu, aamuaye mtoto asome nini, chini ya paa gani na kwa fedha ya nani? Jawabu la swali hilo limegeuka mara kadhaa katika umri wa mtu mmoja, na kila lilipogeuka mtoto wa Tandala ameona faida yake au hasara yake.

Shule za awali za nchi hii ya Wakinga na Wabena hazikuwa za serikali. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin, waliofika Nyanda za Juu Kusini katika miaka ya 1890, waliweka vituo Tandala, Bulongwa, Kidugala na kwingineko, na aghalabu penye kanisa palikuwa na darasa. Waingereza, walioishika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walitunga sheria ya elimu mwaka 1927 na kuzipa misheni ruzuku kwa sharti la kufuata kanuni za serikali. Lakini watoto walitengwa kwa rangi, Mzungu, Mhindi na Mwafrika kila mmoja na shule yake, na fungu la mtoto wa Kiafrika, ukilinganisha na idadi yake, lilikuwa dogo kupita yote. Dhuluma hiyo iliwathibitishia viongozi wa uhuru kwamba usawa wa elimu hauwezi kupatikana ila serikali yenyewe ibebe jukumu lake.

Utengano huo ulifutwa mara baada ya Uhuru wa 1961, na kwa muda halmashauri za wilaya zikawa na sauti kubwa katika elimu ya msingi. Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Julius Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea; sheria ya 1969 ikaziweka shule za misheni chini ya serikali; mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, ambao kwa hakika uliwapeleka mikoani watumishi wa serikali kuu kuliko ulivyowapa wananchi wa huko madaraka; na Azimio la Musoma la 1974 likaagiza kila mtoto mwenye umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Insafu yatutaka tukiri kwamba amri hiyo ilitimiza jambo ambalo hisani ya misheni na juhudi ya wilaya moja moja zisingaliweza kulitimiza: ilimwingiza darasani mtoto wa fukara sawa na wa tajiri, na msichana sawa na mvulana. Lakini walimu walikuwa haba, vitabu vilikuwa haba zaidi, na halmashauri ya kuchaguliwa, ambayo mzazi angeipelekea lalamiko lake, haikuwapo.

Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, maarufu kwa jina la MMEM, ulioanza 2002 baada ya ada ya shule za msingi kufutwa, ulizipa kamati za shule kazi ya kusimamia fedha za ujenzi na vifaa. Ukafuata mpango wa sekondari, na wananchi wakachangishwa mchanga, mawe, tofali na nguvu za mikono mpaka shule za kata zikaenea nchi nzima. Na mwaka 2009 usimamizi wa sekondari nao ukatolewa Wizara ya Elimu ukapewa halmashauri. Watu wa Njombe hawakuona jambo geni katika hayo, maana tangu miaka ya 1980 wazazi wa huko, kama wenzao wa Kilimanjaro na Mufindi, walikuwa wakijijengea sekondari kwa michango, serikali ilipokuwa haina uwezo wa kuwajengea.

Mtu akiyatazama hayo kwa haraka atadhani madaraka yameshuka hadi kijijini. Kilichoshuka zaidi ni mzigo. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ulioleta elimu bila ada kuanzia Januari 2016, ni neema ambayo mzazi yeyote wa kipato kidogo hana budi kuishukuru. Lakini ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, ambayo sehemu yake hubakizwa juu kwa ajili ya vitabu, ilianza kutoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule, na halmashauri, ambayo huulizwa choo kinapojaa na dawati linapovunjika, haina kauli juu ya kiasi chake. Mwaka huo huo wa 2016 kodi ya majengo iliondolewa halmashauri ikakusanywa na Mamlaka ya Mapato, na mwaka uliofuata ushuru wa mazao, ambao ndio tegemeo la wilaya za wakulima, ukapunguzwa kutoka asilimia 5. Mkulima amepata nafuu, nami sioni haya kuisifu. Ila mwenye kupewa kazi akanyimwa njia ya kuigharimia hawezi kulaumiwa peke yake kazi inapoharibika.

Na yapo mambo ambayo ofisi ya mbali, hata ikiwa na watu wema, haiwezi kuyajua vyema kuliko wenyeji. Njombe ni nchi ya mahindi, viazi na maharage, na watu wake ni wachapakazi. Hata hivyo utafiti wa taifa wa lishe wa 2018 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa huo wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyedumaa huja kuketi darasani na udhaifu wake, na akikaa toka asubuhi mpaka alasiri bila uji wala makande, mtaala ulio bora kuliko yote hautamfaa. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimeachwa juu ya wazazi. Lakini Makete ni wilaya ambayo UKIMWI uliiachia yatima wengi, wakalelewa na bibi zao, na kumdai bibi mkongwe debe la mahindi sawasawa na mfanyabiashara wa mbao ni kutokujua, au kutokujali, hali ya nyumba yake. Serikali ya kijiji ndiyo imjuayo bibi huyo. Yafaa iwe na uwezo halali wa kumsamehe, na halmashauri iwe na fungu la kuziba pengo lake.

Kadhalika katika sera mpya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, imepunguza shule ya msingi kuwa miaka 6, na imefungua mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla. Nani achague amali itakayofundishwa Tandala? Wilaya hii ina mbao, pareto, ngano na matufaha, na shamba la mifugo la Kitulo haliko mbali. Makambako, iliyo njia panda ya barabara za Iringa, Mbeya na Songea, na reli ya TAZARA kupita hapo, ina biashara na ufundi wa magari. Sehemu mbili za mkoa mmoja zina mahitaji mbalimbali, na karakana iliyochaguliwa kwa orodha moja ya nchi nzima huenda ikampa kijana ufundi asiokuwa na mahali pa kuutumia. Fauka ya hayo, mwaka 2027 watamaliza pamoja darasa la saba la mtaala wa zamani na darasa la sita la mtaala mpya, na Januari 2028 makundi yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza. Vyumba vyao, madawati na walimu havitapatikana kwa tamko. Vyataka kupangwa kata kwa kata, tangu sasa.

Wako wahofuo kwamba madaraka yakishuka, wilaya tajiri zitatangulia na maskini zitaachwa, na hofu yao ina msingi. Huko Marekani, ambako katiba ya shirikisho haitaji elimu na kila jimbo hujitungia sera yake, tofauti ya shule baina ya mtaa wa matajiri na wa mafukara imekuwa kesi ya miaka mingi mahakamani. Jirani zetu wa Kenya, katika katiba yao ya 2010, walifuata njia ya kati: elimu ya awali na vyuo vya ufundi vya vijijini wakazipa serikali za kaunti, msingi na sekondari zikabaki kwa serikali ya kitaifa. Hakuna kati ya njia hizo inayotulazimu kuinakili, ila zote zinatufunza kwamba mipaka ya kazi sharti iandikwe wazi.

Kwa maoni yangu, Dodoma ishike mambo yaletayo usawa, yaani mtaala wa msingi, mtihani, mshahara wa mwalimu na ruzuku iliyo kubwa zaidi kwa wilaya zenye dhiki zaidi; na halmashauri, kata na kijiji vipewe kwa sheria, pamoja na fedha, kauli juu ya chakula, majengo, amali na misamaha ya wanyonge. Nao wazazi wasisubiri sheria hiyo ndipo waanze wajibu wao. Mkutano mkuu wa kijiji ni wao, kamati ya shule ni yao, na hesabu ya ruzuku, ambayo yapasa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, ni haki yao kuisoma na kuihoji. Tukizoea kutumia madaraka madogo tuliyo nayo, hakuna atakayekuwa na hoja ya kutunyima makubwa zaidi.