Mwamba mweusi wa Peggy's Cove

Wageni wanaozuru kijiji cha wavuvi cha Peggy's Cove, mashariki mwa Canada, hupewa onyo kabla ya kuufikia mnara wa taa: usikanyage mwamba mweusi.

Kijiji hicho kipo katika jimbo la Nova Scotia, kiasi cha kilomita 43 kusini-magharibi mwa mji wa Halifax. Kina wakazi wachache, bandari ndogo ya mashua, na mnara mweupe wenye kilele chekundu uliojengwa mwaka 1915 kuchukua nafasi ya ule wa mwaka 1868.

Mnara huo umesimama juu ya granaiti iliyolainishwa na barafu nene maelfu ya miaka iliyopita. Mwamba huteremka taratibu hadi baharini, na hapo ndipo penye hatari.

Mawimbi kutoka mbali

Dhoruba inayovuma katikati ya Atlantiki hutuma mawimbi yanayosafiri kwa siku kadhaa. Huweza kufika pwani wakati jua linawaka na upepo umetulia.

Mawimbi hayo hayalingani. Baadhi yanapopandana, huzuka moja kubwa kuliko yote yaliyotangulia, na mtu aliyeiona bahari shwari kwa muda mrefu hushtukia maji yamemfikia.

Mwamba mkavu huwa wa kijivu. Uliolowa na kuota mwani huwa mweusi na wenye utelezi, hivyo weusi huo huonyesha mahali maji yanapofika. Anayeteleza hukutana na maji baridi yanayodhoofisha viungo upesi, huku mawimbi yakimgongesha mwambani.

Katika sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, matumbawe huvunja nguvu za mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Peggy's Cove haina kinga hiyo.

Watu kadhaa wamepoteza maisha hapo. Mwaka 2021 lilifunguliwa jukwaa la kutazamia bahari, ambalo hata watumiaji wa viti vya magurudumu hulifikia.

Kumbukumbu ya 1998

Jirani na kijiji upo mnara wa kumbukumbu ya abiria na wahudumu 229 wa ndege ya Swissair iliyoanguka baharini Septemba 2, 1998, ikitoka New York kwenda Geneva. Wavuvi wa eneo hilo walitoka usiku na mashua zao kutafuta manusura. Hakupatikana hata mmoja.

Wanaotaka kuogelea huelekea fukwe za mchanga zilizo ndani ya ghuba ya St. Margarets, kama vile Queensland.