Mbona mionzi yamchoma huyu na kumwacha yule?

Khalati yangu na jirani yake walianza mionzi mwezi mmoja, wote wawili kwa saratani ya titi. Jirani alimaliza ngozi imegeuka rangi kidogo tu. Khalati, kufika wiki ya nne, kwapa lilikuwa limechubuka hata kujifunga kanga ni adhabu. Maneno mtaani hayakukosa. Mmoja alisema mashine imeharibika, mwengine akasema ni jicho. Khalati naye akaniambia, "Mwanangu, mimi siendi tena kuchomwa."

Mimi si daktari. Haya ni niliyoyauliza na kuyasoma baada ya siku ile.

Tuanze na kipimo. Mionzi hupimwa kwa grei, kutokana na jina la mwanafizikia Mwingereza, Louis Harold Gray. Kwa titi, utaratibu wa miaka mingi ulikuwa grei 50 zilizogawanywa kwa siku 25, grei 2 kila siku, siku tano kwa wiki. Kwa nini zisipigwe zote siku moja, watu wakapumzika na nauli? Kwa sababu mionzi hukata DNA ndani ya seli, nzima na mbovu pamoja. Seli nzima zikipewa masaa kadhaa hujikarabati. Za saratani nyingi hushindwa. Utafiti wa Uingereza umeonyesha baadaye kuwa grei 40 kwa siku 15 hufanya kazi ile ile, na mwaka 2020 yakatoka matokeo ya grei 26 kwa siku 5 tu.

Pia kuna ukubwa wa pahali panapopigwa. Khalati ni mama wa mwili. Titi kubwa na mikunjo ya kwapa hupata mionzi zaidi kwenye ngozi, kisha ongeza jasho la Mombasa na msuguano wa nguo. Sigara nayo huzidisha madhara, na wenye sukari huenda wakachelewa kupona.

Lakini hata watu wawili wakilingana katika hayo yote, mmoja anaweza kuumia zaidi. Hapo ndipo jeni zinapoingia. Kuna ugonjwa adimu wa kurithi uitwao ataksia-telanjiektasia. Mtoto hurithi jeni mbovu ya ATM kutoka kwa baba na mama, na mwili wake hukosa mlinzi mkuu wa kukarabati DNA iliyokatika. Watoto kama hao waliopewa mionzi ya kawaida waliumia vibaya mno. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1995.

Wengi wetu hatuna ugonjwa huo. Tulicho nacho ni tofauti ndogo ndogo katika jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Mwaka 2009 wanasayansi wa nchi mbalimbali waliunda muungano wa kuzitafuta, lakini bado hakuna kipimo cha kawaida cha damu kitakachomwambia kila mgonjwa mapema kama yeye ni mwepesi wa kuungua.

Kwa hivyo madaktari huweka kikomo kwa kila kiungo. Kawaida moja iliyotumika sana ni kiwango ambacho, ndani ya miaka 5, wagonjwa wasiozidi 5 katika kila 100 watapata dhara kubwa. Ukifikiri vizuri, wale wachache wenye miili myepesi ndio wanaoamua dozi ya wote.

Kuchubuka kwa khalati ni madhara ya mapema. Huanza wiki ya pili au ya tatu, huzidi hata wiki moja au mbili baada ya kumaliza, kisha hupona. Yapo mengine ya kuchelewa, kama ngozi kuwa ngumu. Haya huja baada ya miezi au miaka, na hayaondoki upesi.

Kuacha katikati ndiko kunakotisha zaidi. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, madaktari hutaka matibabu yote yaishe ndani ya wiki 8, kwani kila siku inayopotea huipa saratani nafasi.

Nilimrudisha khalati kesho yake. Muuguzi alitazama kwapa, akampa dawa ya kupaka na kitambaa laini, kisha akamuuliza anapaka nini nyumbani. Khalati akanitazama mimi kwanza, ndipo akajibu: halud, kila jioni, ili asinuke dawa. Akakatazwa halud pahali pale, akaambiwa apake kwenye kanga.