Nati za Bomba la Moshi na Safari ya Usiku ya Timboroa

Mtu atokaye Nakuru jioni kwenda Eldoret hana budi kupanda mlima kwa saa nzima na zaidi. Mji wa Nakuru uko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukifika Timboroa umekwisha kupita mita 2,700. Huko juu, katika mwezi wa Julai, baridi ya usiku hukata masikio, na kila msafiri hupandisha kioo cha dirisha mpaka mwisho, akawasha na hewa ya moto ikiwa motokaa yake inayo. Nasi tulifanya vivyo hivyo mwaka jana, tulipokuwa tukienda Timboroa kuzika.

Tulikuwa watu watano katika motokaa ya shemeji yangu. Yeye alikuwa akiendesha, mimi nimeketi kando yake, na dada yangu alikuwa nyuma pamoja na watoto wao wawili. Siku mbili kabla ya safari motokaa ile ilikuwa imetengenezwa mahali fulani, kwa sababu moshi ulikuwa ukivuja karibu na injini na kupiga kelele. Nilikuwapo ilipotengenezwa. Kijana aliyepewa kazi hiyo alichukua spana, akaichomeka ndani ya kipande cha bomba la maji ili mkono wake upate urefu, kisha akakaza nati moja baada ya nyingine, kuanzia upande mmoja mpaka mwisho wa upande wa pili, na kila moja aliikaza mpaka ikalia. Shemeji alifurahi kuona nguvu ile. Nami, nakiri, nilifurahi pia, kwa kuwa nilidhani ya kuwa nati iliyokazwa sana haiwezi kufanya lolote ila kushika.

Tulipopita Salgaa nikasikia sauti ndogo, tsi-tsi-tsi, kama cherehani inayoshona chumba cha pili. Kilima kilipozidi nayo ilizidi. Hatukuijali. Karibu na Mau Summit mtoto mdogo akasema kichwa kinamuuma, na kabla mama yake hajamjibu akatapika. Dada akalaumu viazi tulivyokula mjini. Mimi mwenyewe nilikuwa na usingizi mzito usio wa kawaida, na nilipojaribu kuhesabu maili zilizosalia nilishindwa, ingawa kuhesabu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kisha shemeji akapita juu ya tuta la barabara kwa mwendo mkali, kana kwamba hakuliona. Na kweli hakuliona.

Tukasimama kwa ajili ya mtoto, tukafungua milango yote minne. Baada ya kiasi cha robo saa vichwa vyetu vikawa vyepesi. Hapo ndipo shemeji aliponiambia, "Shemeji, hii si viazi." Tukaendelea na safari madirisha yakiwa wazi, tumejifunika mablanketi kama wachungaji. Tulikosea. Ilitupasa kutoiendesha tena motokaa ile, na kuwapeleka watoto hospitali usiku ule ule.

Kilichotupata ni gesi iitwayo kaboni monoksidi. Hutoka katika injini pamoja na moshi, hasa injini ya petroli, lakini yenyewe haina rangi wala harufu, kwa hiyo pua si mlinzi wa kutegemewa. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu iliyokwisha kushikwa nayo haiwezi kuchukua oksijeni kama ipasavyo. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, husinzia, akili yake hupungua, na asipotolewa hewani hufa. Watoto hudhurika mapema kuliko watu wazima kwa kuwa hupumua haraka zaidi. Tena sisi tukaao nchi za juu tuna hatari ya pili: hewa ya Timboroa ni nyepesi, oksijeni yake ni chache kuliko ya Mombasa, kwa hiyo damu huanza safari ikiwa na upungufu. Na injini za zamani zenye kabureta, zikipandishwa mlimani bila kurekebishwa, huchoma petroli nyingi kwa hewa kidogo, nazo huzidi kutoa gesi hiyo.

Mtu atauliza, moshi wa chini ya boneti uliingiaje ndani? Uliingia kwa njia tuliyouwekea sisi wenyewe. Katika motokaa nyingi hewa ya moto huvutwa kutoka mahali palipo chini ya kioo cha mbele, karibu kabisa na injini. Feni ilikuwa ikifanya kazi yake kwa uaminifu. Motokaa za siku hizi zina kichujio ndani ya bomba la moshi ambacho hugeuza sehemu kubwa ya kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi, lakini moshi uvujao kwenye injini yenyewe haujafika kwenye kichujio hicho.

Tuliporudi Nakuru tulimwendea fundi mzee. Alifungua boneti, akasubiri injini ipoe, kisha akatuonyesha kwa kidole bila kusema neno. Manifoldi, yaani kile chuma chenye matawi kinachokusanya moshi kutoka kila silinda, ilikuwa na alama za masizi meusi upande wa nyuma, zimetawanyika kama mkia wa jogoo. Masizi ya namna hiyo ndiyo nyayo za moshi unaovuja. Chini ya masizi hayo palikuwa na stadi iliyokatika. Stadi ni kile kijiti cha chuma chenye meno pande zote mbili. Upande mmoja hushika injini, na upande wa pili hupokea nati.

"Bwana Karani," akaniambia, "hii haikulegea. Hii ilivutwa ikafa."

Akanieleza maneno ambayo sikupata kuyasikia shuleni, ingawa tulifundishwa kutanuka kwa chuma kwa joto. Moshi utokao katika silinda unaweza kuwa na joto la nyuzi 700 na zaidi. Chuma cha urefu wa sentimita 50 kikipashwa joto la nyuzi 500 huongezeka karibu milimita 3. Kwa hiyo manifoldi hurefuka kila injini inapowaka, na hufupika kila inapopoa, na ndiyo sababu matundu yake hutobolewa makubwa kidogo kuliko stadi, ili iweze kuteleza. Ukiikaza kwa nguvu za kupita kiasi umeifunga isiteleze. Basi ama manifoldi itapasuka ama stadi itakatika. Tena ukianzia upande mmoja kwenda wa pili, upande wa mwisho huinuka au hubanwa katika hali ya kupinda, na gasketi haipati kukandamizwa sawasawa. Moshi hutafuta pale penye udhaifu, huichoma gasketi, na tundu lililokuwa kama la sindano huwa kama la kalamu.

Juu ya lile bomba la maji alitufanyia hesabu, nami nilipenda hesabu yake. Katika motokaa nyingi ndogo nati za manifoldi hukaa juu ya stadi za milimita 8, nazo huhitaji nguvu ya kuzungusha ya Newton-mita 20 hadi 25 tu, ingawa kitabu cha motokaa yenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Spana ya kawaida ya nati hizo ina urefu wa karibu sentimita 20. Ukiivuta mwishoni kwa nguvu ya kuinua nusu debe ya maji, yaani kilo 10, umepata Newton-mita 20. Sasa ongeza bomba, spana iwe na sentimita 60. Mkono ule ule, usiohisi tofauti yoyote, umetoa Newton-mita 60. Stadi ndogo iliyochakazwa na moto miaka 15 haiwezi kustahimili hayo, na kama kichwa cha injini ni cha alumini, meno yenyewe hung'oka.

Kuitoa stadi iliyokatika kulichukua siku nzima. Aliilowesha mafuta ya kupenya usiku kucha, akaipasha moto, akaizungusha mbele na nyuma kwa subira, nusu mzunguko hivi na robo hivi. Kazi hiyo asiyeizoea na asiijaribu. Lakini kazi ya kufunga upya ni ya kila mtu mwenye spana na akili, nami niliitazama kwa makini.

Kwanza alisafisha. Alikwangua mabaki ya gasketi ya zamani, akapiga brashi ya waya kwenye meno ya kila stadi, kwa kuwa vumbi letu la Nakuru, ambalo husemwa kuwa ndilo lililoupa mji jina lake kwa Kimasai, huingia kila mahali, na nati inayokwaruza vumbi hudanganya mkono: huonekana imekaza, kumbe ni uchafu unaoishika. Akaweka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi kutazama kama umepinda. Akavaa gasketi mpya, kavu, bila kuipaka kitu. Nati pia zilikuwa mpya, za kupakwa shaba, ambazo hazigandi upesi kwa joto. Shemeji alitaka kupaka grisi, mzee akamzuia. Meno yenye mafuta huteleza, na nguvu ile ile ya spana huivuta stadi zaidi kuliko kipimo kilivyokusudia. Kitabu kikisema yapakwe dawa ya kuzuia kuganda, yapakwe. Kisiposema, yaachwe makavu.

Kisha akazungusha nati zote kwa vidole tu mpaka zikagusa. Hakuna spana bado. Ndipo akaanza na mbili za katikati, kidogo. Akaenda moja upande wa kulia, moja upande wa kushoto, akitoka katikati kwenda nje kama mtu anayelainisha unga wa chapati. Alipofika mwisho akarudi katikati, akaongeza. Mzunguko wa tatu ndipo alipotoa spana yake ya kupimia nguvu, ile yenye kulia "tik" kipimo kinapotimia, na hakuvuta tena baada ya mlio. Mtu asiye na spana ya namna hiyo na atumie spana fupi, aishike karibu na kati, avute kwa kiganja na si kwa bega.

Huko chini, bomba linapoungana na manifoldi, motokaa nyingi zina bolti mbili zenye springi. Watu wengi huziona springi hizo kuwa udhaifu, wakazikaza mpaka zikabanwa kabisa. Springi ziko pale ili bomba lipate kucheza injini inapotikisika. Ukiziua, mtikisiko wote huhamia kwenye manifoldi. Kadhalika mzee alining'iniza bomba lote na sailensa kwenye mipira yake kwanza, viungo vikiwa vimelegea, akalinyoosha lisiguse popote, ndipo akakaza akianzia mbele kwenda nyuma. Bomba lililokazwa likiwa limejikunja hutafuta kujinyoosha usiku na mchana, na nati ndizo zinazolipa.

Wapenzi wa mashindano ya Safari watakuwa wameyaona haya kwa macho yao. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yaliporudishwa katika mashindano ya dunia mwaka 2021 makao yake yaliwekwa Naivasha, magari yakapita Soysambu na Elmenteita, hapa hapa kwetu. Mafundi wanapolipokea gari hulala chini yake mara moja na spana mkononi. Marehemu Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kushindana mwaka uliotangulia, akashinda tena mwaka 1974 na 1976.

Majaribio yalifanywa nje, mahali penye upepo. Injini iliwashwa ikiwa baridi, mzee akaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi sana, sisi tukasikiliza. Pakiwa na tundu, sauti ya tsi-tsi husikika wakati huo. Haikusikika. Akatuambia tuiendeshe siku chache, kisha tuirudishe asubuhi kabla ya kuwashwa, kwa kuwa gasketi mpya hukaa vizuri baada ya kupashwa na kupoa mara kadhaa. Watengenezaji wengine hukataza kukaza mara ya pili. Wa motokaa ile hawakukataza. Siku tulipoirudisha nati mbili za mwisho zilisogea kidogo, kama mshale wa saa upitao dakika tano. Nyingine hazikusogea.

Mwezi wa Agosti tulikwenda tena Timboroa kuwaona wafiwa. Baridi ilikuwa ile ile. Tulipanda kutoka Salgaa tumenyamaza, tukisikiliza, na hatukusikia ila magurudumu. Madirisha yalikuwa yamefungwa, isipokuwa dada yangu aliacha la kwake wazi kwa upana wa kidole, na hakuna aliyemwomba alifunge.