Msimamizi mpya wa shule za umma awajibishwe vipi? Funzo la Atlanta

MSIMAMIZI mkuu mpya wa shule za umma anapoajiriwa katika mji wowote mkubwa wa Marekani, siku hiyo huwa ya shangwe. Wajumbe wa bodi ya elimu humpa mkono mbele ya wapiga picha, naye huahidi kuinua kiwango cha elimu, na wazazi hurejea makwao wakiwa na matumaini.

Swali gumu huja baadaye. Nani atathibitisha kwamba ahadi zile zimetimizwa, na atatumia kipimo gani?

Mji uliolipa gharama kubwa kulijibu swali hilo ni Atlanta, makao makuu ya jimbo la Georgia. Kati ya mwaka 1999 na 2011, shule za mji huo ziliongozwa chini ya utaratibu wa malengo na bonasi uliosifiwa nchi nzima. Mwisho wake ulikuwa mahakamani. Aprili 1, 2015, watumishi 11 wa elimu walitiwa hatiani kwa njama ya kughushi matokeo ya mitihani, na wengi wao walipelekwa mahabusu siku hiyo hiyo.

Kisa hicho kinafundisha kwamba kiongozi anaweza kuonekana anawajibishwa kila mwaka, kwa takwimu na kwa sherehe, huku ukweli haufahamiki kwa mtu yeyote aliye nje ya ofisi yake.

Nani humwajiri msimamizi

Nchini Marekani, shule za umma haziendeshwi moja kwa moja na wizara. Nchi hiyo ina wilaya za elimu zaidi ya 13,000, na nyingi kati yake zina bodi ambayo wajumbe wake huchaguliwa kwa kura na wananchi wa eneo husika.

Bodi hiyo hupitisha bajeti na sera, kisha humwajiri msimamizi mkuu kwa mkataba wa miaka michache. Msimamizi ndiye mwenye sauti katika uteuzi wa walimu wakuu, ajira za walimu, ukarabati wa majengo, mabasi ya wanafunzi na hata chakula cha mchana.

Kazi yake inafanana kwa sehemu na ya afisa elimu wa wilaya nchini Tanzania. Tofauti kubwa ni kwamba afisa elimu ni mtumishi ndani ya mfumo wa serikali, wakati msimamizi wa Marekani ana mwajiri mmoja tu, yaani bodi. Bodi ikilala, hakuna mwingine aliye karibu wa kumuuliza.

Aidha, muda wake kazini huwa mfupi. Utafiti wa mwaka 2014 wa Council of the Great City Schools, umoja wa wilaya kubwa za elimu za mijini, ulionyesha kuwa wasimamizi wa miji hiyo walikuwa wamekaa madarakani kwa wastani wa takriban miaka mitatu. Kwa sababu hiyo, kiongozi mpya hutafuta matokeo ya haraka, na bodi nayo huyataka.

Malengo yaliyogeuka kitisho

Dk. Beverly Hall, mzaliwa wa Jamaica, aliingia Atlanta mwaka 1999 akitokea Newark, jimboni New Jersey. Alikuta wilaya yenye wanafunzi wapatao 50,000 kwa hesabu ya miaka hiyo, wengi wao wakitoka katika familia maskini.

Kila shule ilipangiwa malengo ya mwaka, hasa ya alama katika mtihani wa jimbo uliojulikana kwa kifupi kama CRCT. Shule iliyofikisha angalau asilimia 70 ya malengo yake, watumishi wake walipata bonasi. Msimamizi mwenyewe alilipwa bonasi kwa kigezo hicho hicho cha matokeo, na katika kipindi chake chote alipokea zaidi ya dola 500,000 juu ya mshahara wake.

Walioshindwa walionekana hadharani. Katika mkutano wa kila mwaka uliofanyika katika uwanja wa Georgia Dome, watumishi wa shule zilizofikia malengo walikaa chini kwenye eneo la uwanja, na wale wa shule zilizoshindwa walikaa juu majukwaani. Walimu wakuu nao walijua kwamba wasipofikia malengo watapoteza nafasi zao. Kwa mujibu wa wachunguzi wa jimbo, takriban asilimia 90 ya walimu wakuu walibadilishwa katika enzi ya Dk. Hall.

Shinikizo hilo halikutoka Atlanta peke yake. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Januari 2002 ilizitaka shule zote za umma kupima wanafunzi kwa mitihani ya kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na shule zilizozembea ziliwekewa adhabu.

Matokeo ya Atlanta yalipanda. Mwaka 2009, chama cha kitaifa cha wasimamizi wa shule kilimtangaza Dk. Hall kuwa msimamizi bora wa mwaka nchini Marekani.

Kifutio kilichotoa siri

Mashaka ya kwanza kujulikana kwa umma yalitoka kwa waandishi wa habari. Gazeti la Atlanta Journal-Constitution lilichambua takwimu na kuripoti, mwaka 2008 na tena 2009, kwamba alama za baadhi ya shule zilipanda kwa namna isiyoelezeka kwa kawaida.

Ofisi ya serikali ya jimbo inayofuatilia maendeleo ya wanafunzi iliagiza karatasi za majibu zikaguliwe upya kwa mashine. Mwanafunzi alikuwa akijibu CRCT kwa kutia weusi kwenye duara kwa penseli. Akifuta, alama hafifu hubaki, na mashine huiona.

Kwa kawaida mtoto hufuta majibu machache, na si kila mara anapofuta hupata jibu sahihi. Lakini katika madarasa mengi ya Atlanta, majibu yaliyofutwa yalikuwa mengi kupita kiasi, na karibu yote yalihama kutoka makosa kwenda usahihi. Hali hiyo haiwezi kutokea kwa bahati katika darasa zima.

Matokeo ya ukaguzi huo yalitangazwa Februari 2010. Wilaya iliunda tume yake, ambayo Agosti mwaka huo ilisema tatizo lilikuwa limejikita zaidi katika shule 12. Wengi waliona hiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Gavana wa wakati huo, Sonny Perdue, hakuridhika na akateua wachunguzi maalumu wenye mamlaka ya kisheria.

Ripoti yao, iliyotolewa Julai 2011, ilitikisa nchi. Kati ya shule 56 zilizochunguzwa, udanganyifu ulibainika katika shule 44. Watumishi 178 walitajwa kuhusika, wakiwamo walimu wakuu 38, na 82 kati yao walikiri. Katika shule moja, walimu walikusanyika nyumbani kwa mwenzao mwishoni mwa wiki, wakafuta na kusahihisha majibu ya wanafunzi.

Ripoti ilieleza pia kwamba waliojaribu kutoa taarifa walitishwa au kuadhibiwa, na kwamba malalamiko kuhusu shule mojawapo yalimfikia msimamizi tangu mwaka 2006 bila hatua kuchukuliwa. Wachunguzi walihitimisha kwamba Dk. Hall alijua, au alipaswa kujua, yaliyokuwa yakitendeka.

Dk. Hall, aliyeondoka madarakani Juni 2011, alikana siku zote kwamba aliamuru au aliujua udanganyifu huo. Machi 2013 alishtakiwa pamoja na wengine 34 chini ya sheria ya jimbo iliyotungwa kupambana na magenge ya uhalifu. Maradhi ya saratani yalimzuia kufika mbele ya mahakama, na alifariki dunia Machi 2, 2015, akiwa na umri wa miaka 68, bila kuhukumiwa.

Aliyeumia zaidi

Walioumia zaidi hawakuwa kizimbani. Mtoto asiyejua kusoma, ambaye majibu yake yalisahihishwa na mwalimu, alionekana kwenye kumbukumbu kuwa amefaulu. Kwa hiyo hakupewa masomo ya ziada ambayo angestahili kama angepata alama zake halisi.

Utafiti wa wataalamu wa Georgia State University uliotolewa mwaka 2015 ulibaini kwamba wanafunzi walioghushiwa majibu walifanya vibaya zaidi katika kusoma na lugha ya Kiingereza miaka iliyofuata, wakilinganishwa na wenzao.

Bodi haikuwa imara kuona hayo. Januari 2011, chombo kinachothibitisha ubora wa shule kiliiweka wilaya ya Atlanta chini ya uangalizi kwa sababu wajumbe wa bodi walikuwa wakigombania uongozi wao kwa wao. Mwajiri aliyekuwa akipigana ndani ya nyumba yake asingeweza kumkagua mwajiriwa.

Kura nayo ina mipaka yake

Baadhi ya miji iliona dawa ni kumkabidhi meya shule, ili wananchi wajue wa kumlaumu. Washington ilifanya hivyo mwaka 2007, na Meya Adrian Fenty alimteua Michelle Rhee kuongoza shule za mji mkuu huo.

Bi. Rhee alifunga shule 23 zenye wanafunzi wachache, akawaachisha kazi walimu zaidi ya 200 mwaka 2010. Septemba mwaka huo Bw. Fenty alishindwa katika kura ya maoni ya chama chake, na mwezi uliofuata Bi. Rhee alijiuzulu.

Wananchi walitoa hukumu yao. Hata hivyo, kura hufanyika mara moja kwa miaka minne, na mpiga kura hupima mambo mengi kwa wakati mmoja, kuanzia barabara hadi kodi. Kura inaweza kumwondoa kiongozi, lakini haimwambii mzazi iwapo mtoto wa darasa la tatu amejifunza kusoma.

Mambo ya kuhoji tangu siku ya kwanza

Funzo la kwanza la Atlanta ni kwamba anayepimwa asiwe mwenye kushika mizani. Ushahidi upo katika mji huo huo. Tangu mwaka 2002, Atlanta ilishiriki pia katika mtihani wa kitaifa wa NAEP, unaotolewa kwa sampuli ya wanafunzi na kusimamiwa na watu wa nje. Mtihani huo haumpi mwalimu bonasi wala kumfukuza kazi.

Alama za Atlanta katika NAEP zilionyesha maendeleo ya kweli katika miaka hiyo. Yaani kulikuwa na mafanikio ya kujivunia, yakafunikwa na mafanikio ya kughushi. Bodi yenye kutumia kipimo huru kila mwaka ingeweza kuviona vyote viwili mapema.

Funzo la pili ni kuandika hali halisi kabla kiongozi mpya hajaanza kazi. Idadi ya watoto wanaoweza kusoma, mahudhurio, nafasi za walimu zilizo wazi na hali ya fedha, yote yakikaguliwa na mtu wa nje, humlinda hata msimamizi mwenyewe asilaumiwe kwa makosa ya aliyemtangulia.

Tatu, muda wa kumpima ulingane na kazi. Katika mwaka wa kwanza msimamizi anaweza kuulizwa kwa haki kuhusu walimu kufika madarasani, vitabu kuwafikia wanafunzi na fedha kutumika kama zilivyopangwa. Kujifunza kwa mtoto huchukua muda mrefu zaidi, na alama zinazoruka ghafla zinapaswa kuchunguzwa kabla ya kushangiliwa.

Nne, mwalimu mwenye taarifa mbaya awe na mahali pa kuipeleka ambapo haipitii mezani kwa msimamizi. Mkaguzi anayewajibika kwa bodi moja kwa moja angeweza kulipokea lalamiko la mwaka 2006 na kulifuatilia.

Mwisho, tathmini ya kila mwaka itangazwe kwa wananchi pamoja na sababu zake. Bodi inayomwongezea msimamizi mkataba, au inayokataa kumwongezea, inawajibika kueleza kwa nini, maana nayo ina mwajiri wake.

Tangu mwaka 2011 shule za Atlanta zimepita mikononi mwa viongozi kadhaa, na mwaka 2024 zilimpata mwingine, Dk. Bryan Johnson. Kama kawaida, ajira hiyo iliambatana na matumaini mapya.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Atlanta ilificha yake katika majibu yaliyosahihishwa kwa siri, na kilio kiliposikika, watoto wengi walikuwa wameshapita darasa ambalo wangeweza kusaidiwa.