Homa ya Malaria Hupikwa na Mwili Wenyewe

Joto la malaria huletwa na saitokini, protini ndogo ambazo seli za kinga huzitumia kuitana na kuamrishana. Kila baada ya saa 48 hivi, seli nyekundu zilizojaa vimelea vya Plasmodium falciparum hupasuka na kumwaga takataka kwenye damu. Makrofeji, seli za kinga, zikizitambua takataka hizo, huachia TNF, IL-1 na IL-6. Saitokini hizi huufanya ubongo upandishe kiwango cha joto unachokitaka. Mwili wenye nyuzi 37 hujiona wa baridi, na mgonjwa hutetemeka chini ya mablanketi mawili.

Ajabu zaidi hutokea kwenye kuta za mishipa midogo. Zikiguswa na TNF, seli za ukuta huchomoza molekuli za kunasa ndani ya saa chache. Nyutrofili, seli nyeupe ya kinga, iliyokuwa ikienda kasi na mkondo wa damu hushikwa kidogo, hubiringika ukutani, hupunguza mwendo, husimama. Kisha hujibana ikawa nyembamba na kupenya katikati ya seli mbili hadi kwenye nyama. Lakini molekuli mojawapo ya kunasa, ICAM-1, hushikwa pia na seli nyekundu zenye vimelea. Hizo hazipenyi. Hung'ang'ania papo hapo, na katika ubongo wa mtoto mishipa huziba.

Kwa hiyo biashara ya "dawa za kupandisha kinga" ni uongo wa hatari. Watoto waliopimwa Malawi na Gambia walikuwa na TNF nyingi zaidi kadiri malaria ilivyokuwa kali. Hata kuizima TNF hakukusaidia: katika jaribio la Gambia lililochapishwa 1996, lenye watoto 610, kingamwili dhidi ya TNF haikupunguza vifo, na ulemavu wa neva uliongezeka.

Imani nyingine isiyokoma, hasa pwani ya Tanzania, ni kwamba degedege ni shetani na mtoto akichomwa sindano atakufa. Ni kinyume kabisa: degedege huweza kuletwa na malaria, na sindano huokoa. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo. Akipata degedege apelekwe hospitali, si kwa mganga. Paracetamol hushusha joto tu, kimelea hakiguswi. Kinachookoa ni kukiua kimelea mapema: katika utafiti wa 2010 uliohusisha watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, sindano ya artesunate ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini.