Ukihamia Jamaica na familia, mwambie daktari ulikotoka

Huenda umepata kazi au nafasi ya masomo Jamaica, au mwenzako ametangulia na sasa anakuita wewe na watoto. Nauli imepatikana, nyumba imepangishwa, majirani wameanza kukuaga. Katika pilikapilika hizo suala la afya mara nyingi husahaulika, kwa sababu watu hujiambia: "Huko ni joto kama kwetu, kuna minazi na maembe kama Tanga. Tutazoea tu."

Ni kweli mtazoea. Lakini kufanana huko ndiko kunakoponza. Jua ni kali vilevile, mbu wapo vilevile, na homa huanza vilevile kwa kichwa na viungo kuuma. Kinachobadilika ni ugonjwa uliojificha nyuma ya homa hiyo, na kile ambacho daktari aliye mbele yako atakifikiria kwanza. Leo tuangalie mambo ambayo mgonjwa au mzazi anayehamia kisiwa hicho cha Karibi anapaswa kuyajua.

Kabla ya kuondoka

Anza na kadi ya kliniki ya mtoto. Jamaica sheria inataka mtoto awe amepata chanjo zake kabla ya kuanza shule, na shule itadai ushahidi. Kadi nyingi za Tanzania zimeandikwa kwa Kiswahili, na muuguzi wa huko hawezi kuisoma. Mwombe daktari au muuguzi wa kituo chako akuandikie muhtasari kwa Kiingereza, wenye tarehe ya kila chanjo, sahihi na mhuri. Piga picha kadi yenyewe na uihifadhi kwenye simu.

Jambo la pili ni chanjo ya homa ya manjano. Jamaica hudai cheti kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya ni mojawapo. Kama unatoka Tanzania lakini utapitia nchi nyingine, uliza mapema kuhusu njia yako yote, si unapoondokea tu. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, maana cheti hakianzi kutambulika kabla ya hapo. Ukichanjwa mara moja, cheti hicho kinatosha maisha yote. Watoto wachanga chini ya miezi 9 kwa kawaida hawapewi chanjo hii, hivyo mwenye mtoto mdogo azungumze kwanza na daktari.

Mwenye kisukari, shinikizo la damu, pumu, kifafa au ugonjwa mwingine wa kudumu abebe dawa za kumtosha miezi ya mwanzo, zikiwa kwenye pakiti zake halisi, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la ugonjwa, jina la dawa na kipimo. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloweza kupotea. Dawa kali za maumivu na za usingizi hudhibitiwa kisheria, hivyo usizibebe bila barua.

Homa ya wiki za kwanza

Kwetu mtoto akichemka, neno la kwanza mdomoni ni malaria. Jamaica sivyo. Nchi hiyo iliitokomeza malaria miaka ya 1960, na daktari wa huko huenda amefanya kazi miaka mingi bila kumtibu mgonjwa wa malaria hata mmoja.

Shida ni kwamba vimelea vya malaria mnaweza kusafiri navyo. Aliyeumwa na mbu Morogoro au Kisumu siku mbili kabla ya safari atapanda ndege akiwa mzima kabisa. Homa kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki moja hadi mwezi, na wakati mwingine huchelewa zaidi. Kufikia hapo mtoto ameshaanza shule Kingston, na kila anayemwona atasema ni mafua, au ni dengue. Malaria aina ya falsiparamu, ambayo ndiyo iliyo nyingi kwetu, isipotibiwa ndani ya saa 24 inaweza kuwa kali na kuua, hasa kwa mtoto mdogo na mjamzito.

Kwa hiyo, mzazi, homa yoyote katika miezi mitatu ya mwanzo ichukulie kama malaria mpaka kipimo kiseme hapana. Ukifika hospitali usisubiri kuulizwa. Sema: "Tumetoka Afrika Mashariki tarehe fulani. Kwetu kuna malaria. Naomba mtoto apimwe malaria leo." Iandike kwa Kiingereza kwenye karatasi na umwachie pia dada au bibi anayebaki na mtoto. Wala usione haya kuirudia mbele ya kila mhudumu. Sentensi hiyo fupi inaweza kuokoa maisha.

Inawalinda na majirani pia. Mwaka 2006 malaria ilirudi na kuenea mjini Kingston, kwa sababu mbu wanaoieneza hawajawahi kuisha kisiwani. Wanachokosa ni mtu mwenye vimelea.

Mbu wa mchana

Miezi hiyo ikishapita, homa ya kuhofia zaidi ni dengue. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka kwa milipuko ya 2014 na 2019. Jamaica nayo ilitangaza mlipuko Septemba 2023. Mwenzake ni chikungunya, ugonjwa uliotoka kwetu: ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 kwenye nyanda za juu za Makonde, na jina lake ni la Kimakonde, likieleza mtu anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Mwishoni mwa 2013 uliingia visiwa vya Karibi, na mwaka uliofuata ukaenea Jamaica.

Magonjwa yote mawili huenezwa na mbu aina ya Aedesi, ambaye huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza. Chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mbu huyu hutaga kwenye maji yaliyotulia karibu na watu: mapipa, ndoo, matairi, sahani za vyungu vya maua. Nyumba nyingi Jamaica huhifadhi maji kwenye mapipa na matangi kwa sababu ya mgawo, kama ilivyo kwetu. Funika kila chombo, na kila wiki mwaga maji yasiyohitajika na usugue kuta za chombo, maana mayai hung'ang'ania hapo hata pakikauka.

Mtoto akipata homa, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake na vinywaji vingi, kisha mpeleke hospitali. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kabla dengue haijaondolewa kwenye orodha, kwa kuwa dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu.

Hapa kuna mtego unaowanasa wazazi wengi. Dengue huwa hatari zaidi pale homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7. Mzazi anafurahi mtoto amepoa, kumbe ndipo maji ya damu yanapovuja kwenye mishipa. Mrudishe hospitali mara moja ukiona maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu puani au kwenye fizi, kinyesi cheusi, mikono na miguu ya baridi, au mtoto kulegea ama kuhangaika isivyo kawaida. Simu ya gari la wagonjwa Jamaica ni 110, na ya polisi ni 119.

Mwenye mtoto wa selimundu

Hapa kuna habari njema. Jamaica ni moja ya nchi zilizoufundisha ulimwengu kuhusu selimundu. Takribani mtoto mmoja kati ya 150 wanaozaliwa huko ana ugonjwa huo. Kuanzia 1973, timu ya Profesa Graham Serjeant iliwapima watoto 100,000 waliozaliwa katika Hospitali ya Victoria Jubilee, Kingston, ikawafuatilia waliokutwa nao. Watafiti hao waligundua kuwa watoto wengi walikufa kwa bandama kuvimba ghafla na kunyonya damu mwilini. Wakawafundisha akina mama kupapasa tumbo la mtoto upande wa kushoto chini ya mbavu, na vifo vya tatizo hilo vikapungua.

Hata wewe unaweza kujifunza kabla hujaondoka. Mwombe daktari wako akuonyeshe. Bandama ikikua ghafla na mtoto akapauka au kuchoka, ni dharura. Ukifika, mwandikishe kwenye kliniki ya selimundu ya Chuo Kikuu cha West Indies, Mona, na umpelekee daktari barua yenye dawa zote za mtoto. Kama anatumia dawa ya kuzuia malaria, usiikatishe mwenyewe eti kwa sababu mmehama. Mwachie daktari aamue lini na vipi.

Tunda la kuhadhari

Utakutana na ackee, tunda jekundu lenye mbegu nyeusi zinazong'aa, lililotoka Afrika Magharibi. Wajamaika hulipika na samaki wa chumvi, na ndicho chakula chao cha taifa. Ni kitamu, lakini likiwa bichi lina sumu inayoshusha sukari mwilini kwa kasi. Mtu hutapika, huchoka, hupata degedege na anaweza kufa, na watoto ndio wanaoathirika zaidi. Kanuni ya wenyeji ni moja: tunda lipasuke lenyewe likiwa mtini. Lisilopasuka halilazimishwi wala halichumwi. Huliwa nyama ya njano tu, baada ya kutoa mbegu na utando mwekundu, ikachemshwa na maji yake yakamwagwa. Waambie watoto wasiokote ackee chini ya mti wa jirani kama wanavyookota maembe.

Msimu wa vimbunga

Kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30 ni msimu wa vimbunga. Watu wa Mafia na Lindi wanakumbuka kimbunga Hidaya cha Mei 2024, lakini vya Karibi huwa vikubwa zaidi. Oktoba 28, 2025, kimbunga Melissa kiliipiga Jamaica kusini magharibi kikiwa cha daraja la 5, la juu kabisa, na hata Hospitali ya Black River ikaharibiwa vibaya. Mgonjwa anayetegemea dawa za kila siku asisubiri tangazo la redio. Tangu Juni uwe na akiba ya dawa ya wiki mbili au zaidi, nakala za vyeti vya hospitali kwenye mfuko wa plastiki, na maji safi ya kunywa. Anayechoma insulini apange mapema ataiweka wapi umeme ukikatika. Chungu cha udongo chenye maji ndani ya kivuli kinaweza kusaidia kwa siku chache.

Baada ya mafuriko, jihadhari na ugonjwa ambao Watanzania waliufahamu kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022. Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, na huingia mwilini kupitia michubuko. Vaa buti unapofagia matope, usiwaache watoto wachezee madimbwi, na homa ikifuata, mwambie daktari kuwa mligusa maji ya mafuriko.

Likizo ya kurudi nyumbani

Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote. Kinga dhidi ya malaria uliyoijenga kwa kuugua mara kwa mara utotoni haidumu. Hupungua kadiri unavyokaa mahali pasipo na malaria. Mtoto aliyezaliwa Jamaica hana kinga hiyo kabisa. Mnaporudi Krismasi kumwona bibi, mnarudi kama wageni. Muone daktari wiki nne hadi sita kabla ya safari, mpate dawa za kuzuia malaria na mzimalize kama mlivyoelekezwa, hata baada ya kuondoka kijijini. Walale ndani ya chandarua chenye dawa. Ndugu wakisema, "Mbona sisi hatunywi vidonge na tu wazima," usibishane nao. Wao wanaishi na malaria mwaka mzima, wanao hawaishi nayo.

Na mkirejea Kingston, ikatokea homa baada ya wiki mbili au tatu, mnakuwa mmerudi pale tulipoanza. Chukua ile karatasi, nenda hospitali siku hiyohiyo, na umwambie daktari mlikotoka.

Safari njema.