Nyimbo za Kuazima: Bendi ya Judas Priest na Amana ya Wimbo wa Mwenzio



Katika nyumba zetu nyingi hapa Birmingham hakosi kijana mwenye fulana nyeusi iliyoandikwa jina la kutisha, kwa herufi zenye ncha kama visu. Mzazi akimuuliza anasikiliza nini, hujibiwa neno moja tu, "muziki", na mazungumzo huishia hapo. Mzazi hubaki na hofu yake na kijana hubaki na siri yake. Makala haya yanakusudia kumpa mzazi la kuzungumza. Hukumu ya muziki katika dini wanayo wanavyuoni, nao wamekhitalifiana juu yake tangu zamani. Mimi nilikuwa mwalimu wa lugha na ushairi, na nitasema yaliyo katika fani yangu.

Nimechagua bendi moja, Judas Priest, kwa kuwa ni ya hapa hapa tunapoishi. Na katika kazi zake nimechagua zile nyimbo ambazo si zake, zilizotungwa na wengine kisha bendi hii ikaziimba upya. Nitaziita nyimbo za kuazima. Mali yako waweza kuitumia upendavyo, lakini ya mwenzio ni amana mkononi mwako, na namna unavyoitunza hukujulisha wewe ni mtu wa aina gani.

Watu wa pwani hatukukosa kipimo cha jambo hili. Washairi wetu wana takhmisi, jina litokanalo na neno la Kiarabu lenye maana ya tano. Mshairi huchukua utungo wa aliyemtangulia, na kwa kila vipande viwili vya mtangulizi hutanguliza vitatu vyake, ubeti ukatimia vitano. Mfano mashuhuri ni ule wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mtungaji wa Al-Inkishafi, alioujenga juu ya shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo. Hapo twaona masharti matatu ya uazimaji mwema. Kwanza, maneno ya mwenyewe hayaharibiwi. Pili, mwenye kuazima huongeza kitu cha maana, wala harudii tu kama kasuku. Tatu, jina la mwenyewe halipotei: hadi leo kazi ile huitwa Takhmisi ya Liyongo. Kwa masharti hayo tuwapime hawa jirani zetu.

Judas Priest ilianzishwa mwaka 1969 huko West Bromwich, mji unaofikiwa kwa tramu kutoka katikati ya Birmingham. Mpiga gitaa K.K. Downing na mpiga besi Ian Hill ni watoto wa mji huo, na mwimbaji wao, Rob Halford, alikulia Walsall. Glenn Tipton, aliyejiunga nao mwaka 1974, alipata kufanya kazi katika shirika la chuma la British Steel, na mwaka 1980 bendi ikaipa santuri yake jina hilo hilo. Muziki wao huitwa hevi metali, yaani chuma kizito, na kwa hakika una mlio wa viwanda vilivyowalea. Ama jina la bendi, linalowashtua wazazi, nalo ni la kuazima: limetoka katika wimbo wa Bob Dylan wa mwaka 1967 uitwao "The Ballad of Frankie Lee and Judas Priest".

Wimbo wa kuazima ninaouweka mbele ya zote ni "Diamonds & Rust", maana yake almasi na kutu. Aliutunga mwanamke wa Kimarekani, Joan Baez, akautoa mwaka 1975. Unasimulia mtu aliyepigiwa simu na mpenzi wa miaka mingi iliyopita, na jinsi kumbukumbu zinavyokuja zikiwa na kito na kutu kwa pamoja. Inafahamika kwamba anayezungumziwa ni Bob Dylan, yule yule ambaye bendi iliazima jina kwake. Baez aliuimba kwa gitaa jepesi na sauti nyororo. Mwaka 1977, katika santuri iitwayo "Sin After Sin", Judas Priest waliufupisha, wakaukazia mwendo na kuupigia magitaa mazito. Msikilizaji angetarajia majonzi yale yapondeke, lakini hayakupondeka. Sauti ya Halford inapopanda, uchungu uliokuwa umefunikwa kwa upole wa Baez hutoka nje ukawa kilio cha wazi. Jukwaani wamewahi kuuimba pia kwa utulivu, na wimbo ukabaki imara katika hali zote mbili. Halford amesimulia kwamba walipokutana na Baez katika tamasha la Live Aid huko Philadelphia mwaka 1985, mama huyo alimwambia kuwa mwanawe aliupenda zaidi wimbo ule kama walivyouimba wao. Mwenye mali akisema hivyo, wa pembeni tuna la kuongeza gani?

Wa pili ni "The Green Manalishi", utungo wa Peter Green wa bendi ya Fleetwood Mac, uliotoka mwaka 1970. Mwenye kusikia jina hilo na ngurumo zake hudhani ni wimbo wa kusifu mashetani. Kinyume chake, Green alieleza kwamba ulimjia kutokana na ndoto, na kwamba kile kiumbe cha kijani kinachomsumbua usiku ni fedha. Alikuwa kijana aliyetajirika ghafula, akataka yeye na wenzake watoe mali yao kwa wenye shida. Wenzake hawakukubaliana naye, na mwaka ule ule aliiacha bendi. Baadaye aliugua akili kwa miaka mingi, na alifariki mwaka 2020. Judas Priest waliurekodi upya mwishoni mwa miaka ya 1970, na katika santuri yao ya jukwaani ya mwaka 1979, "Unleashed in the East", iliyorekodiwa Tokyo, magitaa ya Downing na Tipton yanafuatana kama watu wawili wanaokimbizwa na kitu kimoja. Hawakubadili maana, bali wamemfanya msikilizaji aione hofu ambayo Green aliiota. Sisi tuliosomeshwa juu ya fitina ya mali hatupaswi kuwa wageni wa maana hiyo.

Wa tatu ni wa karibuni. Mwaka 2025 walirekodi "War Pigs", wimbo wa majirani zao Black Sabbath wa hapa Birmingham, uliotoka mwaka 1970. Nao jina lake ni kali, lakini maudhui yake ni kuwashutumu wakubwa wanaopanga vita wakiwa salama na kuwapeleka watoto wa maskini wakafe. Familia zilizokimbia vita hazihitaji mkalimani wa maneno hayo. Black Sabbath walipiga mara ya mwisho uwanjani Villa Park tarehe 5 Julai 2025, na mwimbaji wao Ozzy Osbourne akafariki tarehe 22 ya mwezi huo huo. Hapa bendi iliazima kwa ajili ya heshima, kama mshairi anayemkumbuka mwenzake kwa kurudia beti zake.

Si kila walichoazima kilifaa. Mwaka 1988 walirekodi "Johnny B. Goode", wimbo wa Chuck Berry wa mwaka 1958, kwa ajili ya filamu. Wimbo wa Berry una wepesi na ucheshi, ni hadithi ya kijana maskini wa shamba aliyejaliwa kipaji cha gitaa. Walipouvika deraya ya chuma, ucheshi ulitoweka na badala yake hapakuja kitu. Sharti la pili halikutimia.

Sasa niuelekee wimbo uliowafikisha mahakamani, nao pia ni wa kuazima. "Better by You, Better than Me" ulitungwa na Gary Wright, na bendi ya Spooky Tooth ikauimba mwaka 1969 bila ya mtu kulalamika. Judas Priest waliutia katika santuri ya "Stained Class" ya mwaka 1978. Mwezi wa Disemba 1985, huko Sparks katika jimbo la Nevada, Marekani, vijana wawili waliokuwa wakiisikiliza santuri hiyo walijaribu kujitoa uhai. Mmoja alikufa siku ile, na wa pili aliishi na majeraha makubwa hadi alipofariki mwaka 1988. Familia zao ziliishtaki bendi pamoja na kampuni ya santuri. Dai lilikuwa kwamba ndani ya wimbo ule mmefichwa amri ya maneno mawili, "fanya hivyo", isiyosikika wazi lakini yenye kupenya akilini.

Kesi ilisikilizwa mjini Reno mwaka 1990. Halford aliimba sehemu ya wimbo mbele ya hakimu bila ya ala, ili isikike namna anavyoshusha pumzi baina ya maneno. Hakimu Jerry Carr Whitehead aliamua kwamba sauti zilizodaiwa zilitokea kwa bahati tu, pumzi ya mwimbaji ilipokutana na mlio wa gitaa, na bendi ikashinda. Mawakili wa bendi walieleza pia kwamba vijana wale walikuwa na maisha magumu tangu utotoni, pamoja na ulevi na madawa.

Siwalaumu wazazi wale. Mwenye kufiwa na mtoto hutafuta sababu, na sababu iliyo nje ya nyumba huumiza kidogo kuliko iliyo ndani. Lakini tukio hili lina funzo kwetu. Wimbo ule ulichunguzwa pumzi kwa pumzi na wataalamu baada ya vijana kwisha kuondoka, ilhali walipokuwa hai walihitaji mtu wa kuwachunguza wao. Ukimwona mwanao amejitenga, halali, hali, hataki wenzake na anazungumza kana kwamba maisha hayana maana, usianze na kuvunja kanda zake. Keti naye, msikilize, na umpeleke kwa daktari bila ya kuona aibu. Huzuni ya namna hiyo huwapata pia watoto wasiosikiliza muziki wowote.

Limebaki sharti la tatu, la jina la mwenyewe, na hapa Waingereza hawa wametushinda. Chukua santuri yoyote ya Judas Priest uisome: chini ya jina la wimbo, kwa herufi ndogo, limeandikwa jina la aliyeutunga. Kwa jina lile sheria humpa mtungaji malipo kila santuri inapouzwa na kila wimbo unapopigwa redioni, hata kama aliyeimba ni mwingine. Baez na Green walipata haki yao kwa nyimbo zilizoimbwa na vijana wa West Bromwich.

Linganisha na "Malaika" yetu. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha wameuimba Miriam Makeba na Harry Belafonte, Boney M, Angélique Kidjo na wengine wasiohesabika, na dunia nzima ikaujua. Lakini nani aliutunga? Fadhili alisema ni wake, na wengine wakapinga, akiwemo Adam Salim wa Tanzania aliyesema aliutunga tangu mwaka 1945. Fadhili alifariki mwaka 2001 na ubishi haukwisha. Wimbo uliofika mbali kuliko nyimbo zetu zote umekwenda bila ya jina lisilo na shaka. Ukitaka mfano mwema wa kwetu, mtazame Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013. Aliimba nyimbo za Siti binti Saad, yule aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na watu wakajua kwamba nyimbo zile ni urithi wa Siti.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa familia zetu. La kwanza, mzazi akisikia ngurumo chumbani kwa kijana, amuulize kwa upole: "Mwanangu, huu ni wimbo wa nani, na aliyeutunga alikusudia nini?" Kijana akijua jibu, mtapata mazungumzo ya jioni nzima. Asipojua, atalitafuta, na kutafuta maana ni elimu. La pili latuhusu watu wazima. Katika harusi zetu hapa mjini kina mama huimba nyimbo na kaswida ambazo vijana huzirekodi kwa simu. Ziandikwe pia majina: nani alitunga, wa mji gani, na nani alimfundisha anayeimba sasa. Bibi zetu wanaoyajua hayo wangalipo, lakini hawatakuwapo daima. Tuwaulize mwezi huu, na mwenye kupata jibu aliandike daftarini pamoja na tarehe.

Wabillahi tawfiq.